Kamera za duka hazionekani nikiwa nyumbani

Wakuu, naombeni msaada. Dukani Kariakoo nina ruta ya MikroTik yenye laini mbili za intaneti, faiba na ya simu. Nimefungua poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) ya rekoda ya kamera. Nikiwa dukani naona vizuri; nikifika Mbagala, kimya. Mzigo wangu wote uko mle, usiku silali.

— Mkuu, anwani ya WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti) ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya umma. Hapo kufungua poti hakusaidii.

— Ya simu ni 100.72. Faiba ina anwani ya umma.

— Basi ombi linaingia kwa faiba, jibu linatokea kwa simu. Kwenye mangle (sehemu ya ruta ya kutia alama data), tia alama miunganisho ya faiba irudi ilikotoka. FastTrack (njia ya mkato ya kuharakisha data) isiiguse, huwa inairuka mangle. Halafu tafadhali funga hiyo poti, tumia WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa duka)!

— Imekubali! Shata naiona hapa nikiwa kwenye daladala. Leo nafunga poti.