Pete za rangi kwenye picha za kanvasi: je, megapikseli 61 zitaziondoa? Na ninunue wapi bila kodi?

Rangi_Kavu

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kupiga picha michoro ya wasanii. Wananiletea kanvasi, napiga, wao wanachapisha katalogi na nakala kubwa za kuuza. Natumia kamera ya fulu fremu ya megapikseli 24, yaani nukta za picha milioni 24, na lenzi ya zumu niliyonunua pamoja nayo.

Mwezi uliopita nililetewa kanvasi ya sentimita 150 kwa 100. Robo tatu ya mchoro ni anga tupu, buluu iliyopauka. Kwenye picha anga ile ikajaa pete za waridi na kijani, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Ukitazama mchoro wenyewe huoni kitu. Nilikaa siku mbili kwenye kompyuta nikizifuta, na kila nilipozifuta, alama za brashi ya msanii zilifutika nazo. Alipoiona nakala alinyamaza tu. Kunyamaza kule kuliniuma kuliko kama angenigombeza.

Sasa nina safari ya kikazi: siku nne Ujerumani, kisha siku sita Japani, halafu nyumbani. Nawaza kununua kamera ya Sony a7R V, ya megapikseli 61, nipate na unafuu wa kodi. Nimeambiwa pikseli zikiongezeka pete zinaondoka. Ni kweli? Na kati ya nchi hizo mbili ninunue wapi? Akiba hii nimeiweka kwa miaka miwili, kwa hiyo naomba mnijibu kama mnamjibu ndugu yenu.

Lenzi_Mkongwe

Pole sana ndugu yangu. Hizo pete zinaitwa moare, nami zimenitesa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu.

Pikseli, yaani nukta moja ya kihisi, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, haijui rangi. Juu ya kila pikseli kuna kichujio cha rangi moja tu, kijani, nyekundu au buluu, kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976. Nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu, robo buluu. Rangi mbili ambazo kila pikseli inazikosa, kamera inazikisia kwa kuangalia pikseli za jirani. Kanvasi nayo ni nyuzi zilizopangwa sawasawa, mamia kwa mamia. Upana wa uzi ukikaribiana na nafasi kati ya pikseli, makisio yale yanapotoka kwa mpangilio, na ndipo pete zinapojitokeza. Kwenye anga tupu huwezi kuzificha.

Chukua rula na kioo cha kukuzia, hesabu nyuzi ndani ya sentimita moja. Kanvasi nyingi nilizopima mimi zina kama 12. Kamera yako ina pikseli 6000 kwa upana. Zigawe kwa sentimita 150, unapata pikseli 40 kwa sentimita, yaani 3.3 kwa kila uzi. Ili uzi usomeke sawasawa unahitaji pikseli 2 za kila rangi; nyekundu na za buluu zinapatikana kwa kuruka moja moja, hivyo jumla unahitaji angalau pikseli 4 kwa kila uzi. Wewe uko chini ya hapo. a7R V ina pikseli 9504 kwa upana: 63 kwa sentimita, 5.3 kwa uzi. Aliyekuambia hakukudanganya.

Lakini kabla hujagusa akiba, isimamishe kamera yako wima. Wima una pikseli 6000 kwa ule upande wa sentimita 100, yaani 60 kwa sentimita, karibu sawa na hiyo ya megapikseli 61! Kila fremu itafunika upana wa sentimita 66 hivi. Piga fremu tatu, kila mara ukiisogeza kamera pembeni sentimita 42, zipishane kama sentimita 25, kisha ziunganishe kwa programu. Taa usiziguse, kanvasi usiiguse. Kinachohama ni kamera peke yake, kwenye mstari ulionyooka.

Ili kamera iwe sambamba na kanvasi, weka kioo kidogo cha kujitazamia bapa katikati ya mchoro. Ukichungulia na kuona lenzi yako katikati ya kioo, umenyooka. Hii inafanya kazi kuliko kipimamaji chochote nilichowahi kutumia.

Nakusisitizia hili kwa sababu mimi nililiruka. Nikon D800 ilipotoka mwaka 2012 na megapikseli 36 niliinunua mapema, nikaendelea kupiga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo sana (namba ya f ikikua, tundu linapungua), na lenzi ileile ya zamani. Picha zilikuwa kubwa lakini laini, nami nikailaumu kamera karibu mwaka mzima. Kosa lilikuwa langu. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika: kwa f/16 nukta moja inakuwa doa la mikroni 21 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati pikseli za kamera ile hazifiki mikroni 5. Za a7R V ni mikroni 3.76. Kwa f/8 doa ni kama mikroni 11, kwa f/5.6 linapungua zaidi. Kanvasi ni bapa, huna haja ya f/16. Kwa kazi yako ningeanza na lenzi ya makro ya 50mm au zaidi, maana imetengenezwa kwa ajili ya vitu bapa vya karibu na kona zake hubaki kali.

Rangi_Kavu

Mzee wangu, shikamoo na asante. Nimehesabu nyuzi: ni 12 kweli, sehemu nyingine 13. Lakini yupo msanii anayechora kwenye kitani chembamba sana. Kile nimepata 20 kwa sentimita. Hapo je?

Lenzi_Mkongwe

Marahaba. Swali zuri, na hapo hata megapikseli 61 zinashindwa ukipiga mara moja kwa ukubwa uleule: 63 gawanya kwa 20 ni 3.15, uko chini ya 4 tena. Tena kamera hizi za a7R hazina kile kichujio cha kulainisha picha kidogo mbele ya kihisi ili kupunguza moare, kwa hiyo moare ikija inakuja na nguvu.

Ila a7R V ina jambo ambalo kwangu ndilo sababu ya kuinunua, zaidi ya wingi wa pikseli. Inaweza kupiga picha nne mfululizo ikisogeza kihisi pikseli moja kila mara, hadi kila nukta isomwe na kijani, nyekundu na buluu. Hakuna kukisia tena. Hapo unahitaji pikseli 2 kwa uzi badala ya 4, na kitani chako kinapita. Kuna na ya picha 16, inayotoa megapikseli 240. Zote zinaunganishwa kwenye kompyuta. Mchoro hautikisiki, kwa hiyo kazi yako inafaa kabisa. Sakafu ndiyo uiangalie: mtu akitembea chumbani wakati zinapigwa, umeharibu.

Studio_Ndogo

Naongezea dogo. Faili ghafi (RAW) moja ya megapikseli 61 isiyobanwa ni kama MB 120. Zidisha kwa 4, au kwa 16. Diski na memori za kompyuta ziwemo kwenye bajeti.

Pasipoti_Mkononi

Habari zenu. Ya vihisi mzee amemaliza, mimi niseme ya kodi maana nimenunua vifaa safarini mara kadhaa.

Kwanza hesabu, kwa sababu watu wengi wanakosea hapa. VAT ya Ujerumani ni asilimia 19, lakini imo ndani ya bei, kwa hiyo katika kila euro 100 unazolipa kodi ni kama 16. Kampuni inayokurudishia nayo inakata ada yake, ukibaki na pungufu ya hapo. Japani kodi ni asilimia 10, na katika kila yen 100 ni kama 9. Bandiko dukani mara nyingi lina bei mbili, bila kodi na yenye kodi. Usipunguze kodi kwenye bei ambayo tayari haina kodi! Asilimia peke yake haiamui. Linganisha kile kitakachobaki mkononi.

Ujerumani lazima uwe mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya, uonyeshe pasipoti dukani, upewe fomu. Ukiondoka unaipeleka forodha pamoja na kamera yenyewe, ndipo wanaigonga muhuri. Kamera iwe imetoka Umoja wa Ulaya kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi ulionunua. Wewe unaondoka ndani ya siku nne, hilo halikusumbui.

Lakini nisikilize: usikabidhi begi kabla ya forodha. Mimi nilikabidhi, lenzi ikiwa ndani. Afisa akataka kuiona, nikabaki na fomu mkononi huku begi likienda kwenye ndege. Muhuri sikupata na pesa sikurudishiwa. Niliumia, maana ile ilikuwa pesa ya tripodi niliyokuwa nimeipangia.

Japani ununue kuanzia yen 5,000 kabla ya kodi, duka moja, siku moja, na pasipoti iwe na stika au muhuri wa mgeni wa muda mfupi. Zingatia tarehe ya safari yako: kuanzia 1 Novemba 2026 unalipa bei kamili yenye kodi, kisha unarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha unapoondoka.

Kuna na la lugha. Kamera za Sony za soko la ndani la Japani kwa kawaida zina menyu ya Kijapani tu, na huwezi kuibadilisha. Za lugha nyingi zipo, ila bei si ileile. Iwashwe mbele yako kabla hujalipa, na uulize waranti inafanya kazi nchi gani.

Mwisho, kodi uliyosamehewa kule haikuondolei ushuru wa kwenu. Tunza risiti, tamka forodhani. Na kamera yako ya zamani iandikishe kabla ya kuondoka, usije ukadaiwa ushuru wake wakati wa kurudi. Betri za akiba ziwe kwenye begi la mkononi.

Rangi_Kavu

Dada, asante sana, nilikuwa nimepanga kuweka kila kitu kwenye begi kubwa.

Nimerudi na majibu. Jana usiku nilipiga ile anga fremu tatu, kamera wima, f/8, kioo katikati. Fremu ya kushoto na ya kati hazina pete hata moja, nimezikuza mpaka nikaona nyuzi. Ya kulia imebaki na kivuli cha waridi kwenye kona. Nimepima, kamera ilikuwa imerudi nyuma sentimita 4 nilipoisogeza. Nimegundisha ubao sakafuni wa kuongoza miguu ya tripodi na leo narudia.

Nimeamua hivi: Ujerumani nanunua lenzi ya makro, pamoja na fomu na muhuri. Kitani nilichonacho ni kipande kimoja tu, kwa hiyo kamera itasubiri. Msanii wa ile anga nimemwomba aje Jumamosi aone nakala mpya.

Lenzi_Mkongwe

Akija, mpe kioo cha kukuzia aangalie mwenyewe. Na hiyo kona ya kulia utuletee.