Chama kikipata kiongozi mpya, mashinani huwa vipi? Tupeane uzoefu

Mwana wa Makina: Tangu Oburu Oginga akabidhiwe chama cha ODM nduguye Raila alipofariki Oktoba 2025, hapa Kibra, Nairobi, ni hiyo stori tu. Wewe uliyebeba kadi ya chama chochote kiongozi akabadilika, ilikuwaje?

Jogoo wa Kariobangi: Nilikuwa chama cha KANU 2002. Rais Moi alipomleta Uhuru Kenyatta awanie urais tukaambiwa ni damu changa. Raila akatamka "Kibaki tosha" pale Uhuru Park, akimuunga mgombea wa upinzani, hata wapiga ngoma wetu wakahama.

Dada Pangani: Damu changa ya kuteuliwa na mzee mmoja?

Jogoo wa Kariobangi: Wajumbe walimpitisha Kasarani!

Dada Pangani: Walimpitisha dhidi ya nani? Na 2013 alishinda kwa chama kingine, TNA, jogoo wenu wa KANU alishaachwa.

Mama Ajenti: Ngojeni niseme yangu, chama sikitaji. Kiongozi mpya alikuja Dandora, akaketi na sisi kina mama kwenye benchi, akala githeri, akaapa mchujo wa wagombea wa chama utakuwa wa haki. Nikauza kadi nyumba kwa nyumba, mvua ikininyeshea. Siku yenyewe masanduku yalifika jua likizama. Kwenye sajili ya wanachama jina langu halimo, mimi niliyeandikisha nusu ya plot! Tukapiga kura kwa tochi za simu. Tukiwa tunahesabu, mtu wetu akiongoza, vijana wakaruka ukuta, wakamwaga ndoo ya maji ndani ya sanduku. Nilikumbatia la pili, tukatumbukia nalo mtaroni. Kulipokucha cheti cha ushindi kilikuwa na mwingine. Kumpigia kiongozi, msaidizi akashika: "Mama, tulia, utakumbukwa."

Konda wa Kayole: Pole mama. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo.

Jogoo wa Kariobangi: Lakini kiongozi mwenyewe hakumwaga maji.

Mama Ajenti: Aliambiwa usiku huo huo. Akanyamaza.

Mwalimu wa Eastlands: Kiongozi mpya arekebishe sajili kwanza. 2021 wengi tulijikuta wanachama wa vyama tusivyovijua. Fulana na rangi baadaye.

Kijana wa Umoja: Sisi vijana wa maandamano ya Juni 2024 haturudishwi na githeri. Punguzeni ada ya tiketi za wadi.

Mzee Maringo: Tiketi wapewe wazee. Kijana akishinda, kesho yuko Kileleshwa kwa matajiri.

Konda wa Kayole: Na wazee wako hawahami?

Mwana wa Makina: Mama, ungerudi?

Mama Ajenti: Kadi ninayo. Wabandike sajili ukutani wiki nzima kabla ya mchujo, kila mtu ajisomee jina lake, nitauza tena.