Naomba ushauri: NAS ya nyumbani ya kutunza picha na video za familia, ninunue ipi?

Bint_Chumbageni

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wenu kabla sijatoa hela.

Nyumbani Tanga picha na video zetu zimetapakaa. Nyingine ziko kwenye simu ya mume wangu, nyingine kwenye laptopu ya watoto, na zile GB 15 za bure za Google zilishajaa, maana tangu Juni 2021 kila picha inahesabiwa. Kubwa kuliko yote ni eksteno, yaani diski ya nje, ya TB 2. Siku hizi nikiichomeka inagonga ndani, tk tk tk, kisha inakaa kimya kidogo ndipo ifunguke. Mle kuna video za marehemu baba akisimulia maisha ya mashamba ya mkonge, na hazipo kokote kwingine.

Nimeambiwa ninunue NAS, kile kiboksi cha diski cha kuhifadhia kupitia mtandao wa nyumbani, niichomeke kwenye ruta, kila mtu ahifadhi humo. Bajeti haizidi milioni 2. Umeme kwetu hukatika, na mimi si mtu wa kompyuta kivile. Nataka kitu cha kudumu kisichohitaji fundi kila wiki. Nawasilisha.

Fundi_Makoroboi

Dada, pole kwa msiba wa mzee. NAS tutaijadili, ila kwanza hiyo eksteno. Diski inayogonga hivyo kichwa chake cha kusomea kinahangaika, na kila ukiiwasha unaipunguzia maisha. Usiichomeke kwa ajili ya kuangalia tu. Ichomeke ukiwa umeshaandaa pa kuhamishia, anza na folda ya video za mzee peke yake, zikimaliza ndipo uhamie nyingine. Kompyuta ikikuuliza kama iikague na kuirekebisha diski, kataa. Ukaguzi ule unaisomesha diski nzima mwanzo mwisho, na diski mgonjwa inaweza kufia hapohapo.

Ikikataa kufunguka kabisa, iache. Usiifungue, usiigonge, usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauri mitandaoni. Itabaki kazi ya wataalamu wa kuokoa data wenye vyumba visivyo na vumbi.

Mgosi_wa_Pangani

Naunga mkono. Kuhusu NAS yenyewe, kwa mtu asiyetaka kuhangaika mimi nasema NAS ya kampuni ya Synology yenye nafasi mbili za diski. Kama kazi ni picha, nyaraka na kutazama video nyumbani, DS223j inatosha. Ina RAM ya GB 1, si nyingi, lakini kwa familia inakwenda. Ukiwa na nafasi kidogo kwenye bajeti, chukua DS223 yenye GB 2, utaona tofauti pale Synology Photos inapopanga maelfu ya picha. DS224+ ina prosesa ya Intel na inafaa anayetaka kupitisha sinema kwenye Plex au Jellyfin, zile programu za kutazamia sinema zako. Kwa ulichoeleza, hela hiyo iende kwenye diski.

Sababu ya kuipendekeza ni programu yake. Unaweka programu kwenye simu ya shemeji, picha zinapanda zenyewe akifika nyumbani kwenye waifai, naye hagusi kitu.

Kijana_wa_Ngamiani

Kwa nini anunue kiboksi? Dada, tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika, weka OpenMediaVault, programu ya kuigeuza kompyuta kuwa NAS, ni bure kabisa. Hela yote inabaki kwa diski.

Fundi_Makoroboi

Mdogo wangu, OpenMediaVault ni nzuri na kwa anayependa kujifunza ningemwambia hivyohivyo. Ila huyu dada amesema hataki fundi kila wiki. Halafu piga hesabu ya umeme. Kompyuta ya zamani ya mezani ikila wati 60 saa zote, kwa mwezi ni uniti 43. NAS ya diski mbili inakula wati 15 hadi 20, sawa na uniti 11 hadi 14. Kama LUKU yake iko kwenye kundi la wateja wadogo, wale wa uniti 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo inaweza kumtoa huko na bei ya kila uniti ikapanda.

Kijana_wa_Ngamiani

Hapo kwenye LUKU nimekuelewa, mzee.

MamaDiski

Mnajadili boksi wakati kinachokufa ni diski. Bint, soma hapa taratibu.

Mwaka 2020 iligundulika kwamba diski za WD (Western Digital) Red za kawaida, za TB 2 hadi 6, ziliuzwa kwa ajili ya NAS huku zikitumia SMR, aina moja ya kuandika data, bila mnunuzi kuambiwa. Kwenye SMR njia za data hupandiana kama mabati ya paa, kwa hiyo ukitaka kubadilisha moja inabidi zilizo juu yake ziandikwe upya. Kwa matumizi mepesi huoni shida. Shida inakuja diski moja ikifa ukaweka mpya: NAS inaiandikia mpya kila kitu mfululizo, SMR inaelemewa, kazi ya saa inakuwa ya siku, na muda wote huo umebakiwa na nakala moja tu. Unataka CMR, ambayo njia zake hazipandiani. Kwa WD tafuta iliyoandikwa Red Plus, kwa Seagate tafuta IronWolf. Soma namba ya modeli kwenye lebo, rangi ya boksi isikushawishi.

La pili, feki na mitumba. Ukiona eksteno ya "TB 16" kwa bei ya chakula cha wiki, ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya memori iliyodanganywa ukubwa. Na mwanzoni mwa 2025 Ulaya ziligundulika diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa, kumbukumbu za matumizi zimefutwa, zinauzwa kama mpya. Kwa hiyo ukiwa bado dukani, chukua namba ya utambulisho ya diski (serial number), iingize kwenye ukurasa wa dhamana wa mtengenezaji, uone kama dhamana ipo na inaishia lini. Muuzaji akikataa usiisome, ondoka.

Mgosi_wa_Pangani

Shukrani MamaDiski, hilo la dhamana wengi hatulifanyi.

Nahodha_Mtandao

Naongeza la usalama. Usiifungulie NAS njia ya moja kwa moja kutoka intaneti. Juni 2021 wenye WD My Book Live, diski za nyumbani za kuunganisha kwenye mtandao, waliamka wakakuta vifaa vimefutwa kutoka mbali, kila kitu kimekwenda. Vilikuwa havijapata sasisho tangu 2015 na bado vilikuwa vimeunganishwa. Mwaka huohuo virusi vya Qlocker vilifunga mafaili ya watu wenye NAS za kampuni ya QNAP na kudai fidia, na mwaka 2022 vikaja virusi vingine vya DeadBolt. Sisemi QNAP ni mbovu, vifaa vyao vina nguvu. Nasema kifaa chochote kikiachwa wazi kitatafutwa.

Ukitaka kuona picha ukiwa safarini, weka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kwenye NAS na kwenye simu. Inafanya kazi hata kwenye intaneti ya mitandao ya simu ambayo haikupi anwani yako mwenyewe ya IP. Zima akaunti ile ya "admin", tumia nywila ndefu, washa sasisho za kujiendesha.

Mgosi_wa_Pangani

Na UPS, ile betri ya akiba, jamani. Umeme ukikatika NAS ikiwa inaandika, faili linaweza kuharibika. Nunua UPS yenye waya wa USB, iunganishe na NAS. Umeme ukikatika NAS inapata taarifa, inafunga kazi zake na kujizima kwa usalama. Ruta nayo ichomeke humohumo. Tanga kuna joto na hewa ya chumvi, usiifungie kabatini. Iweke juu, penye hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Bint_Chumbageni

Asanteni sana, sikutarajia. Nimefanya alivyosema Fundi. Mume wangu aliazima diski kazini, tukachomeka, tukaanza na folda ya baba. Iligonga, ikasita, lakini video zote zimetoka na nimezifungua moja moja. Picha nyingine bado.

Swali: nikiwa na diski mbili zinazoandika kitu kilekile, si ndiyo bakapu tayari?

MamaDiski

Alhamdulillah kwa video za mzee.

Hapana, dada. Diski mbili ndani ya boksi moja zinakukinga na kifo cha diski moja tu. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye zote mbili sekunde hiyohiyo. Mwizi akibeba boksi, kabeba zote. Nunua eksteno mpya, ichomeke kwenye tundu la USB la NAS, Hyper Backup, programu ya bakapu ya Synology, itaweka nakala na kubakiza matoleo ya nyuma. Kisha itoe, ipeleke kwa ndugu mnayeaminiana, muwe mnaibadilisha na nyingine mara kwa mara. Video za baba, kwa kuwa ni chache, ziweke na mtandaoni pia, kwenye akaunti ya kulipia.

Bint_Chumbageni

Nimeelewa. Nikijumlisha DS223, UPS, eksteno na diski mbili za TB 4, bajeti inapita. Nipunguze nini?

Fundi_Makoroboi

Usipunguze UPS wala eksteno. Anza na IronWolf moja ya TB 4, wakati wa kuiandaa chagua SHR, mpangilio wa Synology unaoruhusu kuongeza diski baadaye. Ukipata hela ya pili, nunua nyingine ya TB 4 au kubwa zaidi, ichomeke, uiongeze kwenye hifadhi ileile. NAS itanakili yenyewe bila kufuta kitu. Mpaka siku hiyo, ile eksteno mpya ndiyo nakala yako ya pili, kwa hiyo Hyper Backup iende kila usiku na usiitoe nyumbani bado.

Na wakati wa kuhamisha picha, angalia ruta yako. Nyingi tunazopewa na watoa huduma zina matundu ya megabiti 100, utapata MB 11 hivi kwa sekunde, TB 1 ikachukua zaidi ya siku nzima. Hizo ulizoziokoa kwenye diski ya kuazima, chomeka diski hiyo moja kwa moja nyuma ya NAS, unakili kwa File Station, programu ya mafaili iliyomo kwenye NAS.