Kamaliza The Secret Garden. Sasa tumpe Heidi, Anne au Kisiwa chenye Hazina?

Shangazi_Moro (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa walimu na wazazi wenye watoto wanaopenda kusoma.

Binti wa kaka yangu ana miaka 11, yuko darasa la tano, anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Morogoro. Likizo hii yuko kwangu. Kaikuta kabatini The Secret Garden, nakala ya mtumba iliyochanika jalada, kaisoma yote mpaka mwisho, sura 27. Na imemwingia kwelikweli. Kaomba kipande cha ardhi nyuma ya banda la kuku, kakizungushia matete, kapanda mchicha na maua ya jioni, na mdogo wake haruhusiwi kukanyaga humo bila kubisha hodi. Kuna chiriku anayetua kwenye yale matete, basi anamfuatilia tangu asubuhi, eti huenda akamwonyesha kitu. Jana usiku kaniuliza: "Shangazi, kuna kingine kama hiki?"

Mwezi huu naweza kununua kitabu kimoja, nacho nataka kiwe cha kushika mkononi. Nimebaki na vitatu: Heidi, Anne of Green Gables, na Kisiwa chenye Hazina, yaani Treasure Island kwa Kiswahili, endapo kitapatikana. Halafu muuzaji ananishawishi nichukue Anne lililofupishwa, lina picha na bei yake ni nusu. Nichukue kipi, na kwa nini?

mwl_mstaafu

Hongera kwa kuwa na kabati la vitabu ambalo mtoto anaruhusiwa kulifungua.

Ushauri wangu: kabla hujaangalia umri ulioandikwa kwenye jalada, jiulize ni nini hasa kilichomnasa. Wengi husema ni ile bustani yenyewe. Mimi nimefundisha miaka mingi na naona kinachowanasa ni Mary. Huyu ni mtoto mwenye gubu. Wazazi wake wamekufa kwa kipindupindu India, kapelekwa Yorkshire kwa mjomba asiyemjua, kwenye jumba lenye vyumba karibu mia, vingi vimefungwa. Hajui hata kujivalisha nguo. Hapendi mtu na hapendwi na mtu. Frances Hodgson Burnett aliyekiandika (kilitoka 1911) hamsemeshi Mary mahubiri. Anampa kamba ya kuruka, upepo, udongo na ndege. Njaa inamrudia, baadaye hamu ya kujua, na mwishoni kabisa anaanza kuwajali wengine. Mtoto msomaji anaiona hali hiyo bila kuambiwa.

Sasa linganisha. Heidi ya Johanna Spyri (sehemu ya kwanza 1880, ya pili 1881) inafanana sana na The Secret Garden kwa mambo ya nje: yatima, milima, hewa safi, mtoto mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu anayekuja kusimama kwa miguu yake. Clara wa Heidi na Colin wa The Secret Garden ni kama wametoka nyumba moja. Ila Heidi ni mtoto mwema tangu ukurasa wa kwanza. Aliyempenda Mary kwa sababu ya ukorofi wake anaweza kumwona Heidi amepoa.

Anne of Green Gables ya Lucy Maud Montgomery (1908) inafanana na The Secret Garden kwa ndani. Anne ni yatima aliyeletwa kimakosa: kaka na dada wazee, Matthew na Marilla, waliagiza mvulana wa kuwasaidia shamba. Ana hasira, ana mdomo, ana kiburi kuhusu nywele zake nyekundu. Gilbert anapomwita "karoti" darasani, anampasulia kibao cha kuandikia kichwani. Ugumu wake ni urefu, sura 38, na Anne huweza kuongea ukurasa mzima bila kuvuta pumzi. Kiingereza cha binti kikiwa imara, chukua Anne. Kikiwa bado, chukua Heidi.

msomaji_Hesse

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana na wewe kuhusu Anne, lakini Heidi umempunja.

Mimi naishi Ujerumani, si mbali na Frankfurt, na kitabu hicho nimekisoma na wanangu kwa Kijerumani, lugha kilichoandikiwa. Watu wengi wanakumbuka mbuzi na milima kwa sababu ya katuni. Sehemu nzito ni ile ya Frankfurt. Heidi ametolewa kwa babu yake kwa hila na kuwekwa kwenye nyumba ya kitajiri ili awe mwenza wa Clara. Kila siku mezani anawekewa mkate mweupe laini. Hauli. Anauficha kwenye kabati la nguo, kwa sababu kule mlimani kuna bibi kipofu, bibi yake Peter mchunga mbuzi, ambaye hawezi tena kutafuna mkate mweusi mgumu. Msimamizi wa nyumba anakuta lile rundo limekauka na anaamuru litupwe. Mwanangu wa kiume aliweka kitabu chini hapo na kulia.

Halafu kila asubuhi mlango wa mbele unakutwa wazi, watumishi wanaamini kuna mzimu. Kumbe ni Heidi, anatembea usingizini kwa kutamani kwao. Daktari ndiye anayegundua na kusema arudishwe nyumbani haraka. Sisi tunaolea watoto ugenini hatuhitaji kufafanuliwa hapo. Na huyu binti naye yuko likizo mbali na wazazi wake, sijui kama hilo nalo halimgusi.

Jambo jingine: Heidi hajui kusoma anapofika Frankfurt, na anaamini kabisa kwamba hataweza, kwa sababu Peter kamwambia ni kugumu mno. Bibi yake Clara ndiye anayemwonyesha kitabu cha picha za mchungaji. Sijui kitabu kingine cha watoto cha zamani kinachoonyesha vizuri hivyo kwa nini mtu atamani kusoma.

KidatoChaPili

Shikamooni wote. Nimeona uzi huu nikashindwa kupita.

Mpe ANNE. Tafadhali. Mimi nilimsoma nikiwa na miaka 12 na nimekirudia kila likizo. Sikijali kwa sababu ya nywele wala kibao. Nakijali kwa sababu ya Matthew! Matthew ni mzee mwenye aibu sana, hasa mbele ya wanawake. Siku moja anawaangalia wasichana wamekaa na Anne, anahisi kuna tofauti, na inamchukua muda mrefu kugundua kwamba ni gauni: wenzake wana mikono ya gauni iliyovimba, na Marilla humshonea Anne magauni ya kubana tu. Basi anaamua kumnunulia. Anafika dukani, anakuta muuzaji ni mwanamke, ulimi unamkwama. Anatoka amenunua reki ya bustani na ratili 20 za sukari guru. Reki! Wakati wa baridi! Mwishoni anakwenda kumwomba jirani amshonee, na asubuhi ya Krismasi analileta lile gauni, analishika tu, hajui aseme nini.

Hakuna mtu kwenye The Secret Garden anayempenda mtoto namna hiyo. Dickon, yule mvulana rafiki wa wanyama, anawapenda wote, hata mbweha. Matthew anampenda Anne.

Kisiwa chenye Hazina pia ni kizuri lakini mwanamke wa maana humo ni mama yake Jim, mvulana anayesimulia, basi, naye anaachwa nyumbani mapema. Nilikuwa najiuliza mimi ningekuwa wapi kwenye ile meli.

baharia_Mvita

Kidato cha Pili, umeandika vizuri na hoja yako ya mwisho siwezi kuipinga. Hata hivyo nikitetee Kisiwa chenye Hazina, maana hakuna aliyekisemea.

Kwanza lugha. Watoto wetu wanaosoma shule za Kiingereza hukutana na Kiswahili kama kazi ya ziada: ngeli, methali, insha. Raha ya hadithi wanaipata kwa Kiingereza. Mtoto akimaliza riwaya ndefu ya Kiswahili kwa hamu yake mwenyewe, amepata kitu ambacho mtihani haumpi. Kisiwa chenye Hazina kilifasiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Lugha yake ina harufu ya enzi zile, lakini sisi wa pwani tunaisoma bila taabu. Mambo ya tanga, nanga, serahangi, hayo ni maneno ya nyumbani.

Pili, mwendo. Robert Louis Stevenson alikianza Uskochi mwaka 1881, kwa ramani ya kisiwa aliyoichora akiwa na mtoto wa mkewe, na kwanza kilitoka kwa vipande kwenye gazeti la vijana. Ndiyo maana kila sura inakukatiza pabaya. Jim anaingia ndani ya pipa la matofaa, tofaa ni kama limebaki moja, anakaribia kusinzia humo, na mtu anaegemea pipa na kuanza kuongea. Ni John Silver, mpishi wa mguu mmoja aliyempenda, anapanga kuua watu. Nilisomewa sura hiyo na marehemu baba, na alifunga kitabu papo hapo akatuambia tukalale.

Na huyo Silver ndiye somo kubwa. Ni muuaji, ni mcheshi, na anamjali Jim kwa dhati. Mtoto anabaki hajui amchukie au asimchukie.

Kama shida ni kuwa hakuna msichana, basi mpe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, 1952. Manyani wawili wamefungwa minyororo, na kila usiku liwali mwema anawachapa viboko huku anasikitika. Mtoto gani hatataka kujua kwa nini?

MamaPacha

Naomba niseme kitu kuhusu toleo lililofupishwa, maana naona mnalipita. Wanangu mapacha walikuwa hawasomi kabisa. Vilivyofupishwa ndivyo vilivyowavuta, maandishi makubwa, picha, wanamaliza kwa siku mbili wanajisikia wameshinda. Si kila mtoto anaanzia kitabu kizima.

mwl_mstaafu

MamaPacha, kwa wanao ulifanya sawa, ningefanya vilevile. Ila huyu ameshamaliza kitabu kizima. Kumrudisha kwenye kilichofupishwa ni kumnyima.

Fikiria anayefupisha anakata nini. Anabakiza matukio: Anne kaletwa, Anne kapasua kibao, Anne kamlewesha rafiki yake kwa divai akidhani ni sharubati. Ratili 20 za sukari guru hazisogezi hadithi popote, kwa hiyo zinakatwa. Na mmemsikia Kidato cha Pili anakumbuka nini.

mkutubi_wa_zamani

Salaam. Nina jambo kuhusu kile alichokwisha kukisoma, na linahusu uchaguzi wa kinachofuata.

Sura ya 4 ya The Secret Garden, Martha mfanyakazi anasema alidhani Mary angekuwa mweusi kwa kuwa katoka India. Mary anapandwa na hasira, analia, anasema wenyeji wa kule si watu, ni watumishi wa kukuinamia. Martha anamjibu kwa upole kuliko alivyostahili. Lakini kitabu hakirudi tena kwenye maneno hayo, na mpaka mwisho India inabaki zaidi mahali pa joto na maradhi. Sisemi kitabu kifichwe. Miaka niliyokaa nyuma ya kaunta sikuficha kitabu. Ila mtoto wa Kiafrika wa miaka 11 amesoma maneno hayo peke yake, na inafaa mtu mzima amuulize aliyaelewaje.

Kwa kipimo hicho, Heidi na Anne hawana jeraha la namna hiyo kubwa, ingawa Anne kuna mahali watu wa mataifa mengine wanasemwa vibaya kidogo. Kwa Kisiwa chenye Hazina, muulize binti kuhusu bendera na nani mwenye haki ya ile dhahabu, mtaongea jioni nzima.

Kuhusu fedha: vitabu hivi vya Kiingereza vimetoka kwenye haki miliki. Heidi kwa tafsiri ya Kiingereza, Anne, na Treasure Island yenyewe viko Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, bure. Wewe nunua kile atakachotaka kukirudia. Vingine msomee kwa sauti kutoka kwenye simu, simu ikae kwako. Kisiwa chenye Hazina kaulizie maktaba ya mkoa kabla ya duka.

Shangazi_Moro

Asanteni sana, nimesoma yote na mengine nimeyasoma tena.

Mkutubi, nilimuuliza leo wakati tunapepeta mchele. Alikumbuka pale pale. Akasema, "Hapo Mary alikuwa bado hajaanza bustani." Nikamuuliza, je, alipoanza bustani aliacha kufikiri hivyo? Akanyamaza, akasema kitabu hakisemi. Kisha akasema yeye angeandika sura nyingine, Mary amtafute yule yaya wake wa India. Nikamwambia yaya alikufa kwa kipindupindu. Akasema basi amtafute mtoto wa yaya. Nimempa daftari.

Uamuzi: nanunua Anne, kitabu kizima. Heidi nitamsomea usiku kutoka kwenye simu, tuanze wiki hii kabla Anne hajafika. Kisiwa chenye Hazina nakwenda kukiulizia maktaba Jumatatu, na baharia, Adili na Nduguze ninayo, ipo rafu ya juu. Naishusha.

KidatoChaPili

Nimefurahi mno! Shangazi, gauni liko sura ya 25. Na akifika sura ya 37 usimwache asome peke yake, kaa chumba kimoja naye.

msomaji_Hesse

Na ukimsomea Heidi, ile sehemu ya mkate usiikatishe katikati. Malizieni mpaka anaporudi mlimani, hata mkichelewa kulala.

Shangazi_Moro

Sawa, nimeandika yote mawili. Na akimaliza Anne akataka kingine?

mwl_mstaafu

Kuna Anne of Avonlea, kilitoka 1909, na vingine baada ya hapo. Muulize kwanza lile daftari limefika wapi.