Mabaki ya uzi yasiyo na lebo: nitajuaje yanatosha kofia ngapi za vichanga?

SindanoMbili
Habari wadau. Nimemaliza sweta ya mtoto wa miaka 2 na skafu ya pamba, na kapuni yamebaki madonge 8 nusunusu. 5 hayana lebo. Nataka kuyamalizia kwenye kofia za vichanga. Ya kwanza nilianzisha vitanzi 72 kwa sindano namba 8 kama kijitabu kinavyosema, uzi wa unene wa kati, ikatoka mzunguko wa sentimita 40. Kichwa cha kichanga ni kama 35! Nimekosea wapi? Na nitajuaje donge lipi linatosha? Mengine nahisi ni sufu.

BibiKulabu
Dada, namba ndiyo imekuponza. Namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, ya Marekani ni milimita 5. Kwa uzi huo milimita 5 hutoa kama vitanzi 18 kwa sentimita 10, ndiyo maana 72 vikafika 40. Milimita 4 hutoa kama 22, na hapo 72 huwa karibu 33. Ndivyo inavyotakiwa, maana kofia isipopungua kichwa kwa sentimita 2 au 3 haishiki.

Hata milimita usiziamini kabla ya kipande cha majaribio. Anzisha vitanzi 30, fuma mistari 40, kilaze bila kukivuta, uhesabu vitanzi kwenye sentimita 10 za katikati. Pembeni usipahesabu, hujikunja.

Kofia: vitanzi 72. Ukitumia sindano mbili zilizonyooka weka 74, kimoja kila upande ni cha mshono. Ukingo sentimita 3, vitanzi 2 vya kawaida na 2 vya kugeuza (vinavyofumwa kinyume), kisha endelea bila ukingo mpaka jumla ifike sentimita 9. Gawa mafungu 8 ya vitanzi 9, unganisha viwili vya mwisho vya kila fungu. Mara 4 za kwanza ruka mstari mmoja kabla ya kupunguza tena. Mara 4 zinazofuata punguza kila mstari (upande wa nyuma unganisha kwa kugeuza). Vikibaki 8 (10 ukihesabu vya mshono), kata uzi ukiacha sentimita 20, upitishe ndani yake na ukaze. Wengi hupunguza polepole hadi mwisho, kofia inachongoka kama pia.

Mizani
Kutosha au kutotosha ni suala la mizani ya jikoni. Lebo ikiwepo: gramu zilizobaki, mara mita za lebo, gawa kwa gramu za lebo. Donge la gramu 100 lenye mita 290 likibaki gramu 35, una mita 101 na kitu. Lisilo na lebo lipime tu. Kofia hiyo itengee gramu 25. Likiwa na gramu 15, changanya rangi mbili kwa mistari, na badilisha rangi kila baada ya mistari 2 ili uzi upande tu pembeni bila kukatwa. Madonge ya rangi moja lakini loti tofauti (hayakutiwa rangi kwa pamoja) yachanganye hivyohivyo, la sivyo mpaka utaonekana.

Kibiriti
Sufu au si sufu: kata sentimita 5, shika kwa kibanio juu ya sinki, uwashe. Sufu hunuka nywele, huzimika yenyewe, majivu husagika. Pamba hunuka karatasi. Akriliki, uzi wa kiwandani wa plastiki, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Usichanganye sufu na akriliki kwenye kofia moja: maji ya moto na kusugua hubana sufu, akriliki inabaki vilevile, kofia inapinda. Na akriliki usiipige pasi, inalala moja kwa moja.

SindanoMbili
Asanteni sana. Matatu yamenuka nywele. Niyawekee naftalini, nondo wasiyatoboe?

BibiKulabu
Kwa nguo za kichanga, hapana. Naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo), na ukanda wetu wa malaria upungufu huo si wa nadra. Funga hayo matatu kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka friza wiki nzima kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri, kisha uache mfuko upate joto la chumba kabla ya kuufungua ili uzi usilowe. Akriliki na pamba safi nondo hawana haja nazo.