Chumvi ya mawe yalowa ndani ya gunia: magnesiamu yahusikaje?

MamaGongoni: Hamjambo wenzangu. Nauza chumvi ya mawe Malindi, naichukua kule mashamba ya chumvi ya Gongoni. Masika yakiingia magunia yanalowa, na banda halivuji. Mzee mmoja wa huko aliniambia ni magnesiamu iliyobaki ndani. Mwanangu wa kidato cha pili akaniandikia NaCl, ndiyo chumvi yenyewe, na MgCl₂, kloridi ya magnesiamu, ila hakuweza kunieleza kwa nini mmoja achukue klorini moja na mwengine mbili, na kwenye jedwali la elementi wamepakana. Naomba nielezwe taratibu.

Mwalimu_Lamu: Mama, huyo mzee kasema kweli. Sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, zimepangika kwa maganda kuanzia ndani: 2, 8, 1. Ile moja ya nje haikushikwa sana, kuing'oa kwataka nishati ya kilojuli 496 kwa moli. Ukitaka ya pili, waingia kwenye ganda lililojaa, na hapo ni 4,562! Kwa hivyo sodiamu hutoa moja tu, klorini yenye 2, 8, 7 huipokea ikatimiza 8, tukapata NaCl. Magnesiamu ni 2, 8, 2. Hutoa zote mbili, na klorini moja ina nafasi ya elektroni moja tu, ndipo zikatakiwa klorini mbili.

Sasa gunia lako, na hapa ndipo ninapopapenda mimi. Zikishatoa, zote mbili zabaki na elektroni 10. Lakini kiini cha magnesiamu kina protoni 12, chavuta elektroni zile zile kwa nguvu zaidi, ioni (ndiyo atomi iliyokwisha kutoa elektroni) yasinyaa: pikomita 72, ya sodiamu ni 102. Ioni ndogo yenye chaji maradufu huvuta sana upande wa oksijeni wa molekuli ya maji. Fuwele yake huandikwa MgCl₂·6H₂O, maji sita yameizunguka kila magnesiamu. Chumvi safi huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu, asilimia 33 yatosha. Hewa ya pwani yetu ina zaidi ya hapo, masika au kiangazi.

Kijana wa Ngomeni: Nyongeza kwa mama. Kilo moja ya maji ya bahari ina kama gramu 10.8 za sodiamu na 1.3 za magnesiamu. Chumvi huganda kwanza, magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho. Yasipomwagwa kabla ya kukusanya, yanakauka pamoja na chumvi. Waweza kuiosha kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi safi: hayawezi kuyeyusha chumvi zaidi, ila magnesiamu yanaichukua. Kisha iache ichuruzike vizuri kabla ya kutia guniani.

MamaGongoni: Shikamoo mwalimu, na ahsante kijana, nitajaribu na gunia moja kwanza. Mwanangu yuko hapa anauliza, na kalsiamu ya kwenye chokaa je?

Mwalimu_Lamu: Marahaba. Kalsiamu ni 2, 8, 8, 2, nayo hutoa mbili: CaCl₂. Ila ganda lake la nje liko mbali zaidi na kiini, kwa hivyo kuzing'oa ni rahisi kuliko za magnesiamu. Mwambie aniandikie ya alumini, 2, 8, 3, bila kutazama kitabu.

MamaGongoni: Ameandika AlCl₃.

Mwalimu_Lamu: Sawasawa kabisa. Sasa alumini na oksijeni, 2, 6. Hiyo ina kazi kidogo, namngoja.