Naomba ushauri: mistari ya maungio ya mabati kwenye modeli ya ndege ya kivita Spitfire ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko halisi), giza kiasi gani?
Wakuu, habari. Modeli imeshapata rangi na vanishi ya kung'aa, bado kuichakaza, yaani kuifanya ionekane imetumika. Mfereji wa mstari mmoja, milimita 0.3, ni sawa na milimita 14 kwenye ndege halisi. Ukiujaza weusi, bawa linageuka sakafu ya vigae. Ukiuacha mtupu, ni plastiki tu.

Nafikiria rangi ya mafuta ya kijivu-kahawia iliyozimuliwa kwa waiti spiriti (kiyeyusho cha rangi), kisha nipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, kama upepo unavyopita. Je, niongeze giza kwenye ailaroni (vibawa vinavyosogea nyuma ya bawa) pekee, maana pale pana mwanya wa kweli? Na shina la bawa la kushoto, anapokanyaga rubani: michubuko ya rangi niifanye kwa sponji au penseli ya fedha? Sponji hunipa madoa makubwa mno.